Maiki Chini ya Tepu Nyeusi

Katika kibanda changu cha kutengeneza simu, hapa Eldoret mjini, kuna droo moja ambayo haiguswi na mteja, hata awe mwenye jengo. Ndani yake mna maikrofoni. Si zile wanazoshika waimbaji. Hizi ni zile ndogo zinazokaa ndani ya simu, ndani ya redio za kaseti, na ndani ya vifaa ambavyo watu huviulizia kwa kunong'ona. Nimezipanga kwa ukubwa katika vikopo vya dawa vilivyokwisha. Kubwa kuliko zote ni kama punje ya hindi. Ndogo kuliko zote ukiidondosha sakafuni, simama hapo hapo, usisogeze mguu, mpaka nije na tochi.

Siku hizi hazina kazi sana. Simu ikikataa kupeleka sauti, mtu anataka abadilishiwe kipande kizima na aondoke. Hata hivyo sijazitupa. Kila nikifungua droo ile namkumbuka mama yangu, nakasirika kidogo, halafu nacheka, kisha inabidi nijifanye nimeingiwa na moshi wa solda machoni.

Nilipoanza kazi hii nilikuwa msichana pekee katika safu nzima ya mafundi. Wenzangu waliniita Injinia, na hawakunisifu. Mteja akiwa na simu ya bei alinipita akaenda kwao. Lakini akiwa na siri alikuja kwangu, sijui kwa nini. Labda walifikiri mwanamke amezoea kuyafunika ya watu. Alikuja bwana mmoja wa tai akitaka maiki ishonwe ndani ya mkoba wa mkewe. Alikuja mama mmoja akitaka kujua mawifi wake husema nini yeye akiingia jikoni. Alikuja mwenye saluni aliyeamini wasichana wake wanamteta akienda kula.

Kifaa chenyewe si cha ajabu. Unatoa maiki kwenye kabambe, zile simu ndogo za vibonyezo, iliyokufa, unaiunganisha na sakiti ndogo kama ukucha wa kidole gumba, unaitia betri ya saa na kipande cha waya kisichozidi kiganja. Basi. Ikishika umeme inarusha sauti hewani, na mtu mwenye redio ya FM aliye karibu anasikia kila kitu, mpaka mtu akimeza mate. Niliweza kuitengeneza nikiwa nazungumza na mteja mwingine, na nilikuwa najisifu kwa hilo zaidi ya ilivyopasa.

Ila nilikuwa na swali langu. Kabla sijashika chochote nilimuuliza mteja, "Ukishasikia, utafanya nini?" Wengi walibaki wakitazama viatu vyao. Yule bwana wa tai alijibu haraka sana, nami nikamfukuza haraka zaidi. Kwa hiyo niseme ukweli wangu wote: kwa sifa zote nilizojipa, vifaa vya siri nilivyowahi kutengeneza vikafanya kazi ni viwili. Kimoja kilikuwa cha majaribio. Cha pili kilikuwa cha mama.

Mama alikuwa Mnandi wa huku huku, mtoto wa shamba. Baba alitoka magharibi, akaja kuwa karani katika kiwanda cha nguo, wakaoana na kupanga chumba mtaa wa Huruma, mimi nikazaliwa humo. Nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu hicho ndicho walichokutana nacho. Baba alipofariki nilikuwa bado mdogo, na Kiswahili kikabaki. Kinandi nilijua cha kusalimia, cha kushukuru, na cha kukaripiwa. Hiki cha mwisho nilikijua vizuri.

Mama aliuza maziwa. Lakini ungemuuliza kazi yake, asingetaja maziwa. Angekwambia yeye ni mtafsiri. Kanisa letu liko mahali Huruma inapoishia na mashamba kuanza, na Jumapili waliingia watu wa pande zote mbili: vibarua na wachuuzi kutoka magharibi waliokuwa majirani zetu, na wakulima wa huko mashambani. Miongoni mwa wakulima walikuwamo akina kogo, yaani bibi zetu, wazee kabisa, wamevaa vitambaa vyao kichwani na sweta juu ya sweta, ambao Kiswahili chao kiliishia sokoni. Mchungaji naye alitoka magharibi. Kinandi hakukijua hata cha kuombea maji. Kati yake na akina kogo alisimama mama yangu.

Mnajua jinsi inavyokwenda. Mchungaji anasema sentensi, ananyamaza. Mtafsiri anaisema kwa lugha ya watu, ananyamaza. Mchungaji akipandisha sauti, mtafsiri anapandisha. Akipiga hatua tatu upande huu, naye hatua tatu. Mama alikuwa na maiki yake, mchungaji na yake, na wakati mwingine ungedhani wanasukumana kwenye ngoma. Wiki nzima alikuwa mwanamke wa mitungi ya maziwa ambaye watu walimwita wakitaka kukopa. Jumapili alikuwa mtu. Alipiga pasi gauni lake la kijani tangu Ijumaa, akalitundika mlangoni, na ole wako uligonge ukipita.

Nilijua masikio yake yamekwenda siku sufuria iliponiponyoka nyuma yake. Ilianguka na mfuniko wake, majirani wakauliza kuna nini. Mama aliendelea kuchuja maziwa.

Nikamzunguka, nikasimama mbele yake. "Mama, tangu lini?"

Hakujifanya hajui ninachouliza. "Kitambo."

"Na kanisani je? Unatafsiri nini kama husikii?"

"Mchungaji nikimwangalia mdomo, napata nusu."

"Na nusu ingine?"

Akatazama maziwa yake. "Mungu ananisaidia," akasema.

Nilitaka kumpeleka hospitali akapimwe, apewe kile kifaa cha kuvaa nyuma ya sikio. Alikataa kama niliyemtajia mchawi. Alisema akisimama pale mbele na plastiki sikioni, Jumapili itakayofuata atakuwa amekaa kwenye benchi, na msichana fulani mwenye masikio mazuri atakuwa na maiki yake. "Wakijua sisikii, wataniambia pole, halafu wataniambia nipumzike," alisema. "Sitaki kupumzika." Nilimwona ameogopa. Sikuwahi kumwona ameogopa kitu, wala kodi wala ng'ombe wa watu.

Ndipo nikafungua droo.

Nilikuwa ndiye fundi wa vyombo vya kanisa, bila malipo bila shaka. Maiki ya mchungaji ilikuwa imeanguka mara nyingi hata mshikio wake ulikuwa umezungushwa tepu nyeusi kama mguu wenye bendeji. Nilifungua tepu, nikaweka juu ya mshikio maiki ndogo kuliko zote nilizokuwa nazo pamoja na sakiti yake, nikazungusha tepu mpya, nikaacha tundu la kupitisha pini ya kuiwashia. Nani angeshangaa kuona tepu nyingine? Kwa mama nilinunua kiredio kidogo cha kutia mfukoni, cha betri mbili nyembamba. Waya wake ulipita ndani ya gauni, ukapanda shingoni, ukaingia sikioni chini ya kitambaa. Nilitafuta mahali kwenye redio pasipo na stesheni, huko mwisho kabisa ambako ni mvumo mtupu, nikaviweka hapo vyote viwili. Najua hata huko mwisho si pa mtu kujichukulia. Nilijichukulia. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alilalamika mara moja kwamba redio yake imeokoka ghafla, nikapunguza nguvu.

Lakini kabla ya kanisa kulikuwa na siku ya majaribio, na hiyo ndiyo ninayoirudia kichwani mara nyingi kuliko zote. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Nilimkalisha mama kitandani na redio yake, nikatoka na ile maiki mpaka lango la ploti, ua wetu wa vyumba vya kupanga, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Mama, chai iko tayari."

Kutoka ndani nikasikia amepiga kelele, "Si uilete!"

Nilirudi mbio. Alikuwa ameshika sikio kwa kiganja chake chote, ametoa macho. Akaniambia nitoke tena. Nikamuuliza niseme nini. "Usiseme. Tembea tu nayo."

Basi nikatembea. Nilizunguka ploti yote na maiki ile kati ya vidole viwili. Nilimpelekea maji ya bomba yakiingia kwenye ndoo. Nilimpelekea watoto wakiruka kamba na kuhesabu vibaya. Nilisimama kwa jirani aliyekuwa akikaanga mandazi, nikaiinamisha juu ya karai mpaka akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilimpelekea kuku, na mtu akifua, na mvua ilipoanza nilisimama chini ya mabati nikaiinua juu. Nilipoingia ndani nimelowa, mama alikuwa amelala chali, amefumba macho, anatabasamu peke yake. "Mandazi," alisema. "Nilikuwa nimesahau yanasema."

Sijawahi kutengeneza kitu kingine kilichonipa furaha ya namna ile.

Kanisani ilifanya kazi tangu siku ya kwanza. Mimi nilikaa nyuma kabisa na simu yangu, nimeiweka kwenye FM, waya sikioni, nikipima kama sauti inafika. Ilifika safi. Mchungaji alisema neno, mama akalichukua. Hakuhitaji tena kumkodolea macho mdomoni. Kila Jumamosi nilimnunulia betri mbili mpya za kile kiredio, kwa sababu sikutaka zimfie katikati ya mahubiri, naye alizipokea kwa mikono miwili na kusema kongoi, asante ya kwao, kama nimempa ng'ombe. Ilikwenda hivyo miezi kadhaa. Nilijiona nimemwokoa.

Halafu ikafika Jumapili moja, ibada imekwisha, watu wametoka nje kusalimiana. Mimi nilikuwa bado nimekaa nyuma nafungasha nyaya. Mchungaji na mzee wa kanisa walibaki mbele. Mzee huyo alikuwa mkulima Mnandi, mtu wa heshima na maneno machache. Alichukua maiki ya mchungaji, akaizima kwa kidole gumba, akailaza mezani. Aliizima ile kubwa. Yangu chini ya tepu ilikuwa macho. Nami simu yangu ilikuwa bado sikioni.

"Mchungaji," mzee akasema, "hawa makogo wamenikujia tena. Wanasema mahubiri imepoa."

"Yangu?"

"Ya Mama."

Mchungaji akacheka. "Mzee, Mama hana mahubiri. Mama anatafsiri yangu."

Mzee akakohoa. Nilisikia kiti kikivutwa. "Wanasema zamani alikuwa anawaambia vitu ya maana. Ng'ombe ikipotea unafanya nini usiku huo. Mtoto akienda town asirudi, unamwekea chakula ama unawacha. Mama mkwe akiwa mgonjwa na alikutesa. Walikuwa wanaenda nyumbani wakilia na kucheka. Sasa miezi hii yote anasema tu… hizi zako."

"Kwani mbeleni alikuwa hasemi zangu?"

Mzee akajibu kwa upole kabisa: "Mchungaji, wewe hujui Kinandi."

Kama si jambo la mama yangu ningeangua kicheko pale pale. Ile nusu ingine! Kwa mwaka mzima au zaidi, kila alipokosa kusikia, mama alikuwa akijaza mwenyewe. Na alikuwa anakosa kusikia karibu yote.

Mchungaji hakucheka. Sauti yake ilipanda, akashuka nayo tena kwa sababu ya watu waliokuwa nje. Alisema hawezi kusimama mbele za Mungu na mtu anayesema ya kwake. Akasema kuna msichana wa chuo kikuu kule Chepkoilel, mtoto wa mmoja wa wakulima wetu, anayejua lugha zote mbili sawasawa. "Jumapili ijayo atakuja, akae nyuma, asikilize. Kama Mama anasema vile nasema, sawa. Kama hasemi, huyo msichana anachukua maiki siku hiyo hiyo."

"Na makogo?" mzee akauliza.

"Makogo watazoea."

Nilitoka nje mbio. Mama alikuwa chini ya ukingo wa mabati, ameshika mkono wa kogo mmoja, na mkono wake wa pili umebana kitambaa juu ya sikio. Kogo alikuwa akizungumza. Mama hakuwa akimsikiliza. Aliniona, akaninyooshea uso ule wa kuniambia ninyamaze.

Tulikwenda nyumbani. Njiani alinunua vitunguu, akavichagua kimoja kimoja kama kawaida yake. Tulipofunga mlango nikamsogelea. "Umesikia?"

"Nimesikia."

Swali langu lile lile likanitoka kabla sijalizuia. "Sasa utafanya nini?"

"Nitapika," mama akasema, akachukua kisu.

Wiki ile nilifanya kazi kuliko wiki yoyote. Kwangu mimi jambo lilikuwa rahisi: msichana anakuja kupima kama mama anatafsiri sawasawa, basi mama asikie sawasawa kupita kiasi. Nilikuwa nimepata simu ya bei ghali iliyokanyagwa na gari, nikatoa maiki yake, nzuri kuliko ile ya kwanza mara nyingi. Niliifunga Jumamosi, nikaijaribu, ningeweza kusikia saa ya ukutani ikitembea. Nikamwambia mama, "Kesho usiongeze kitu. Sema vile anasema tu. Nakuomba." Nikampa betri zake. Alizipokea kwa mikono miwili. "Kongoi," akasema.

Jumapili yenyewe msichana alikuja, mwembamba, miwani, daftari mapajani. Walimkalisha karibu nami. Mchungaji alihubiri juu ya uvumilivu, nami nilimsikia sikioni kana kwamba ananihubiria peke yangu. Sauti ilikuwa maji ya chemchemi. Mama alisimama kando yake katika gauni la kijani. Mchungaji aliposema sentensi ya kwanza, mama alikawia kuliko kawaida. Kisha akaanza.

Alisema kwa sauti ya chini. Akina kogo waliinua vichwa. Alivyoendelea, sentensi baada ya sentensi, wakaanza kucheka, kicheko cha kuziba mdomo kwa kitambaa. Halafu wakanyamaza wote. Kisha vichwa vyote vya vitambaa vikageuka nyuma kwa pamoja, vikatazama upande wetu, muda mrefu, na kurudi mbele. Nikajua wanamtazama yule hakimu wa chuo kikuu. Nilimtazama na mimi. Alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa amevua miwani anaifuta kwa sketi, na kuifuta tena.

Ibada ilipokwisha mchungaji alimwita mbele, na nilisikia jibu lake kupitia maiki yangu ile ile.

"Ametafsiri vizuri, Mchungaji. Vizuri sana."

"Neno kwa neno?"

"Mimi siwezi kumshinda," msichana akasema.

Mzee wa kanisa alikuwa amesimama hapo hapo, naye alisikia kila neno la lugha yake. Alisema tu, "Si nilikuambia," ingawa hakuwa amemwambia chochote cha namna hiyo.

Niliruka karibu nigonge mabati. Mama alibaki na maiki yake, na ni mimi niliyemweka pale, mimi na maiki ya simu iliyokanyagwa na gari. Tangu siku hiyo akina kogo walikwenda nyumbani wakilia na kucheka kama zamani. Niliwaza ni kwa sababu sasa mama anasikia vizuri zaidi, ile ladha ya mahubiri ya mchungaji inafika yote. Mtu mwenye kiburi haoni mbali, na mimi nilikuwa nacho cha kutosha ploti nzima. Niliacha hata kukaa na simu sikioni. Kazi nzuri haihitaji kuchungwa.

Kitu kingine kilianza wakati huo. Akina kogo walipotoka mlangoni walianza kunisalimia kwa namna mpya. Walinishika mkono, kisha wakanishika ncha ya sikio, wakalivuta kidogo, wakatabasamu na kupita. Wote, mmoja baada ya mwingine. Nilidhani ni salamu ya Kinandi, labda ya mabinti ambao hawajaolewa, labda ya watoto waliofiwa na baba. Niliona haya kuuliza. Ningemuuliza nani? Mama angesikitika kwamba mwanawe hajui salamu za kwao. Kwa hiyo nilijifunza kuinamisha kichwa kidogo ili wafikie, kwa maana wengi wao walikuwa wafupi.

Tuliishi hivyo miaka mitatu. Nikiulizwa miaka yangu mizuri ni ipi, nataja hiyo. Jumamosi betri, kongoi, gauni la kijani mlangoni. Jumapili masikio yangu yanavutwa. Mama alizidi kuwa kiziwi nyumbani. Tulizungumza kwa mikono na kwa kuguswa begani. Lakini kanisani, nilijiambia, kanisani anasikia.

Alitutoka kwa homa ya mapafu, msimu wa baridi, akiwa bado ndiye mtafsiri. Jumapili iliyotangulia alikuwa amesimama pale mbele.

Nilipopanga vitu vyake niliona kopo la mafuta ya kupikia chini ya kitanda, lile kubwa, zito ajabu. Nilidhani ni misumari. Lilikuwa limejaa betri. Betri mbili mbili, zimefungwa katika plastiki yake, hazijafunguliwa, za chini zimeanza kutoa kutu. Kiredio chenyewe kilikuwa juu yake kimefungwa na leso. Nilikifungua kwa nyuma. Hakikuwa na betri hata moja. Nilikaa sakafuni. Sikuelewa, au nilielewa nusu, na hiyo nusu iliniumiza vya kutosha nikafunika kopo.

Mwezi uliopita yule msichana wa Chepkoilel alikuja kibandani. Sasa ni mwalimu, na kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka. Hakuwa amesikia habari za mama mpaka siku chache kabla ya hapo, kwa hiyo alikuja na pole pia. Nilimnunulia chai. Wakati nikifungua simu yake nilimuuliza, nikijifanya ni jambo dogo, "Mwalimu, ile salamu yenu ya kuvuta sikio. Mnasalimia nani nayo?"

"Salamu gani?"

Nikamwonyesha kwenye sikio langu.

"Hakuna salamu kama hiyo kwetu," akasema. Kisha akaweka kikombe chini. Akanitazama. "Haki ya Mungu, hujawahi kuambiwa? Miaka hiyo yote?"

Nilimuuliza sijaambiwa nini. Nikavuta lile kopo la betri, nililokuwa nimelihamishia kibandani, kutoka chini ya meza, nikamfungulia. Alitazama betri zile, akavua miwani, akaanza kuifuta kwa sketi.

"Ile siku nilikuja kumsikiliza," akasema, "Mama hakutafsiri hata neno moja."

Alikumbuka yote. Alisema si maneno ya kusahau. Akaanza kunipa sentensi moja kwa Kinandi, ananyamaza, kisha ananipa kwa Kiswahili, vile vile alivyokuwa akifanya mama, ila kwa kurudi nyuma. Nilikaa na bisibisi mkononi, nikatafsiriwa mahubiri ya mama yangu kwa mara ya kwanza maishani.

"Masikio yangu yamekufa. Mnajua, na mmenistahi mkanyamaza.

"Binti yangu yule pale nyuma amenitengenezea sikio dogo kama punje ya wimbi. Nimesikia nalo maji. Nimesikia mandazi. Sijui mama mwingine aliyefanyiwa hivyo na mtoto.

"Lakini nikilivaa hapa mbele nasema ya mchungaji, na ninyi mnarudi nyumbani mikono mitupu. Leo nimelizima. Nikiondolewa, niondolewe.

"Msimwambie. Ataumia, na ana mikono mizuri, nataka aendelee kuipenda. Hajui lugha yetu kwa sababu mimi sikumfundisha. Hilo ni kosa langu, na sasa sina masikio ya kumfundishia.

"Geukeni mumwone. Mkikutana naye mlangoni, mshikeni sikio, mumshukuru badala yangu."

Mwalimu alirudisha miwani usoni. Chai yake ilikuwa imepoa. Nje mtu alikuwa akiuliza kama fundi yupo, na nilimwacha aulize. Nilifikiria droo yangu, na maiki zote zile, na kwamba katika miaka mitatu sikuwahi kuitega hata moja mbele ya mdomo wake.

Nilimwomba mwalimu aanze tena mwanzo, kwa Kinandi, na asitafsiri.